Re: Kishikwambi kwa mtoto mwenye disleksia, nilipie mwaka mzima?

Mkuu, usilipe. Umeuliza kishikwambi gani na programu gani, ukasema dukani wamekupa punguzo ukilipia mwaka. Hilo punguzo ndilo lililonimaliza mimi.

Kijana wangu ana disleksia, yaani shida ya kusoma na kutambua herufi: b na d kwake ni mapacha. Muuzaji akanieleza programu ya Kiingereza inayojirekebisha yenyewe: mtoto akikosea inashuka, akipatia inapanda. Aliongea kwa uhakika kama mganga wa nyota. Nikalipia mwaka mzima, laki nne na nusu. Hela ya bati ile, nyumba inavuja mpaka leo.

Wiki ya tatu ripoti ikaingia kwenye simu: kapanda hatua sita! Nikairusha grupu la ukoo, mashangazi wakamwaga makopakopa. Mwezi wa nne nikaingia chumbani bila hodi. Kishikwambi kakipakata mdogo wake wa miaka mitano, anayesoma chekechea ya Kiingereza, anabonyeza kama karani wa benki. Mwenye disleksia yake kalala chali anahesabu mijusi darini. Walikuwa na mkataba: karanga za mia mbili kila wiki.

Nikamuuliza kulikoni. "Baba, ile saa inakimbia. Nikichelewa inanirudisha kwa bata."

Kumbe inapima kasi! Mtoto jibu analo, anataka muda tu, lakini akisita inamshusha mpaka nyimbo za bata, naye yuko darasa la tatu. Na hicho Kiingereza, herufi moja sauti tano, wakati kwetu ba ni ba jana na leo. Nikampigia muuzaji, eti "mtoto hajazoea mfumo". Mfumo gani, uliokaa miezi mitatu na binti wa miaka mitano ukidhani ni kaka yake?

Kabla hujatoa hata mia, kaa na mwanao siku saba utazame kidole chake, ripoti achana nayo. Saa haizimiki? Futa. Anzia za Kiswahili: Kitkit School na onebillion ziligawana ushindi wa Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kumfundisha mtoto kusoma mwenyewe, mwaka 2019, baada ya kujaribiwa vijijini Tanga kwa Kiswahili, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ukawekwa wazi bure. Nazo zikae siku saba chini ya jicho lako, hakuna cha tuzo.

Karani wangu bado ananidai karanga za wiki mbili. Anasema aliyevunja mkataba ni mimi.