Je, plagi za iridiamu huongeza nguvu ya gari?

SWALI: Nina Toyota IST yenye injini ya lita 1.5, ambayo huenda nayo Dar es Salaam na kurudi Morogoro kila wiki. Muuza vipuri mmoja wa Gerezani amenishauri niondoe plagi za kawaida na kuweka za iridiamu, akisema gari litakuwa jepesi na halitakula mafuta sana. Jirani yangu alifanya hivyo na anaapa kwamba gari lake limebadilika kabisa. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Jirani yako huenda anasema kweli, ila ningependa umuulize jambo moja: plagi alizozitoa zilikuwa zimetembea kilomita ngapi?

Nguvu ya injini hutokana na hewa na mafuta yanayoingia kwenye silinda. Kazi ya plagi ni kuuwasha mchanganyiko huo kwa wakati uliopangwa na kompyuta ya gari, na ukishawaka sawasawa, cheche kali zaidi haiuongezei chochote. Kwa hiyo injini isiyo na kasoro, ikitolewa plagi nzuri za nikeli (ndizo hizo za kawaida) na kuwekewa za iridiamu, haitaonyesha tofauti ambayo dereva ataihisi barabarani.

Plagi iliyochoka ni habari nyingine. Kila cheche hula chembe ya chuma kwenye ncha, mwanya ambao cheche huuruka hupanuka, na kadiri unavyopanuka ndivyo koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) inavyolazimika kutoa volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Hatimaye, hasa unapokanyaga mafuta ili kulipita lori, cheche hushindwa, gari linamisi, na petroli ambayo haikuungua hupita hadi kwenye masega ya ekzosi (yanayosafisha moshi) na kuyaharibu. Gari la namna hiyo likiwekewa plagi mpya, hata za bei ndogo mradi ni halisi, litachangamka na ulaji wake wa mafuta utashuka. Nadhani hayo ndiyo yaliyomtokea jirani yako, na sifa zote akaipa iridiamu.

Iridiamu ina faida yake, nayo ni kudumu. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455 za Selsiasi, iridiamu kwenye 2,446, hivyo ncha yake inaweza kufanywa nyembamba hadi milimita 0.4 bila kuisha upesi. Plagi za nikeli hubadilishwa kila baada ya kilomita 20,000 hadi 40,000 hivi, ilhali za iridiamu zilizotengenezwa kwa maisha marefu huweza kufika 100,000. Kwa mtu wa safari nyingi kama wewe, hesabu hiyo inaweza kulipa. (Zile zenye miguu mitatu au minne usizihusudu: cheche huruka kwenye mguu mmoja tu kwa wakati.)

Ukiamua kununua, usiache kipimo cha joto cha plagi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa plagi za kampuni za NGK na Denso, namba kubwa humaanisha plagi baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka, lakini kwa Bosch mambo ni kinyume, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapochanganya. Namba 11 mwishoni mwa alama za NGK au Denso ni mwanya wa milimita 1.1. Ikiwa gari lako limefungwa mfumo wa gesi asilia, nitakushauri tofauti kidogo: gesi hiyo huhitaji volti nyingi kuliko petroli ili iwake, hivyo plagi zenye ncha nyembamba, ambazo cheche yake huruka kwa urahisi zaidi, zina maana zaidi huko.

Kabla ya kutoa fedha, subiri injini ipoe, toa plagi moja uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, na kona za ncha bado ni kali, irudishe. Masizi meusi makavu yatakupeleka kwenye kichujio cha hewa au nozeli, na ikilowa oili tatizo liko kwenye injini, ambako iridiamu haitasaidia. Wakati wa kuirudisha anza kuizungusha kwa mkono mtupu, kwa kuwa silinda hedi ya gari hilo ni ya alumini na nyuzi za tundu la plagi huharibika upesi.