Muulize Fundi: Kontena mbili, sebule moja

SWALI: Habari fundi. Nina kontena mbili za futi 40 nataka nizilaze ubavu kwa ubavu nitoe kuta za katikati nipate sebule ya maana. Rafiki yangu ananiambia kontena ni chuma tupu, melini linabebeshwa mengine kibao juu yake, so nikate tu. Ni kweli?

JIBU: Rafiki yako kasema nusu. Mzigo linabeba, tena mkubwa sana, ila wote unashukia kwenye zile nguzo nne za kwenye kona, ndo maana melini kona inakalia kona. Bati la ukutani lenyewe ni milimita 2 hivi au pungufu, ugumu linaupata kwenye ile mikunjo, na huo ukuta ndo unaoshikilia boriti ya juu na ya chini zisipinde. Sasa ukiufyeka wote, boriti ya juu ya mita 12 inabaki haina cha kuishika, paa linaanza kulala, milango inaanza kugoma kufunga.

Kwa dirisha la kawaida, fremu ya chuma cha mraba kuzunguka tundu inatosha. Ila kwa ukuta mzima unahitaji boriti nzito juu na nguzo za kati, na hapo tafuta mhandisi akupigie hesabu, usimwachie fundi wa kuchomelea akadirie kwa macho. Halafu mpangilio wa kazi: msingi kwanza, kontena likae sawasawa kwenye kona zake zote, unganisha mawili, chomelea fremu, ndo ushike grainda. Watu wanakatia yadi kwa sababu umeme upo, kreni ikilinyanyua linajipinda hewani na hapo kulirudisha ni kazi kuliko kununua lingine. Na ule mfereji kati ya mapaa mawili uzibe kwa bati la kufunika, silikoni peke yake haidumu.

SWALI: Fundi mchana humu ndani ni oveni, alfajiri maji yanadondoka toka juu. Nimeziba paa lote bado linavuja!!

JIBU: Halivuji hilo, linatoka jasho. Pumzi zenu, sufuria jikoni, maji ya moto bafuni, mvuke wote huo usiku unakutana na chuma cha baridi unageuka maji, na hata uzibe mara mia hautaisha maana maji yanatokea ndani.

Dawa ni kuhakikisha hewa ya ndani haigusi chuma. Foamu ngumu ya kupuliza ndo naipenda mimi, inagandia bati moja kwa moja haiachi nafasi. Wengi wanaweka pamba ya kioo wanafunika na jipsamu, hakuna nailoni ya kuzuia mvuke, matokeo yake pamba inalowa huko nyuma, bati linaoza na wewe unaona ukuta mzuri tu umepakwa rangi. Shida ya foamu ni nafasi. Ndani kontena lina upana wa mita 2.35, ukila sentimita 7 kila upande unabaki na 2.2 hivi, kitanda kikiingia mtu anapita kwa ubavu. Ndo maana wengine foamu wanaiweka nje halafu wanavisha mbao au bati juu yake. Na ambao hamjanunua bado, chukueni hai kyubu, yaani lile kontena lenye kimo kirefu, la kawaida kimo cha ndani hakifiki hata mita 2.4, hai kyubu inakupa kama sentimita 30 zaidi.

Joto la mchana nalo: weka paa la pili juu, uache upenyo hewa ipite katikati. Pale Keetwonen, Amsterdam, makazi ya wanafunzi yaliyojengwa kwa vyumba vya kontena kama 1000, waliongeza paa juu. Jikoni na bafuni funga feni ya kutoa hewa nje.

SWALI: Sakafu inanuka dawa na nina mtoto anatambaa. Nipige deki na sabuni?

JIBU: Sabuni haitoi hiyo. Ile ni plaiwudi ya milimita 28 hivi na mara nyingi imewekewa dawa ya wadudu, maana kuna nchi kama Australia wako wakali sana na wadudu wa mbao. Angalia lile bamba la chuma mlangoni, huwa linaandikwa dawa gani na lini. Kwa mtoto anayetambaa mimi ningeing'oa yote. Kama mfuko haujaruhusu, ipakae epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya, iive kabisa ndo uweke sakafu nyingine juu. Na ukikwangua rangi ya zamani vaa barakoa ya maana na mtoto awe mbali, zingine zina madini ya risasi, ni sumu.

SWALI: Naweza kulifukia kontena liwe stoo ya chini?

JIBU: Hapana. Udongo unasukuma kutoka ubavuni, na ubavu ndo sehemu dhaifu, paa nalo halikutengenezwa kulaliwa na tani za udongo. Mvua ikinyesha udongo unazidi kuwa mzito, kuta zinaingia ndani. Stoo ya chini jengea zege, kontena liache juu.