Huku hakuna hodi: jibu kwa dada wa Nachingwea anayempeleka mdogo wake Ujerumani

Dada yangu wa Nachingwea, shikamoo. Umeuliza mambo mawili: mdogo wako aliyepata chuo Berlin atakutana na maisha gani tofauti na aliyoyazoea, na je, atarudi akiwa yule yule. Waliotangulia kukujibu wamegusia baridi, treni na mishahara. Mimi ni mtoto wa Lindi, nimekulia Mtanda, na huu ni mwaka wangu wa 3 hapa Berlin. Ngoja nikueleze niliyoyapitia mwenyewe. Nitakuwa mrefu, univumilie.

Kubwa kuliko yote kwangu ni hodi. Nyumbani siku haiishi bila hodi. Anakuja mtu kuomba chumvi, mwingine anapita tu kukujulia hali, mtoto katumwa na bakuli la mbaazi lililofunikwa kwa sahani. Huku nilimaliza miezi 4 bila mtu kubisha mlango wangu, ukimtoa mleta vifurushi. Hosteli yetu ina vyumba 5 na jiko moja, na kwenye friji kila mmoja ana rafu yake yenye jina lake. Siku za kwanza nilipokuwa nakula jikoni akaingia kijana wa chumba cha pili, nikamwambia karibu chakula, kama tulivyolelewa. Akaangalia sahani yangu, akaniuliza kama nimepika kingi mno. Hakuwa na ubaya. Hakuwahi kusikia mtu akimkaribisha kwenye sahani ambayo tayari anaila.

Februari ya kwanza niliugua. Mafua makali, homa, kikohozi cha kukata mbavu. Nilikaa chumbani siku 3, natoka kuchota maji tu. Wenzangu 4 wote walikuwemo ndani, nawasikia wakipika. Hakuna aliyekuja. Nililia, dada, na si kwa homa. Nilipopona nikamuuliza yule kijana, hukunisikia nikikohoa? Akasema alinisikia usiku kucha, akafikiri nahitaji utulivu, akawa anavaa soksi tu ukumbini asinisumbue. Nilinyamaza. Nilikuwa nimemhesabia ukatili, kumbe yeye alikuwa akinitunza kwa namna aliyofundishwa kwao. Tangu siku ile tuna makubaliano: nikinyamaza siku nzima ananiandikia ujumbe, "nibishe?" Najibu ndiyo, anakuja na chai.

Mwambie mdogo wako hilo mapema. Huku msaada upo, tena mwingi, ila lazima autamke. Namba 112 ni ya dharura. Namba 116117 ni ya daktari wa zamu usiku na mwisho wa wiki, kwa ugonjwa usiohitaji gari la wagonjwa. Mimi sikuzijua zote mbili hadi nilipokwisha kupona. Chuoni kuna ofisi ya ushauri, kuna watu wanaolipwa kumsikiliza mwanafunzi aliyelemewa, lakini hakuna atakayemfuata chumbani kumuuliza mbona umekonda.

Sisemi kwetu ndiko kwema na huku ndiko kubaya. Mwaka 2019 mama alizidiwa usiku akiwa kwa dada yake Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Kivuko hakikuwepo saa ile. Vijana wa pale wakamvusha kwa mtumbwi, majirani 2 wakalala naye hospitali, na hadi alfajiri watu walikuwa wameshachanga. Lakini dawa aliyoandikiwa haikuwepo, tukaambiwa tukanunue nje, na duka lililokuwa nayo lilifunguliwa saa 3 asubuhi. Mimi hapa nimelazwa mara moja, siku 2. Nilionyesha kadi ya bima ninayoilipia zaidi ya euro 120 kila mwezi, na dawa zikanikuta kitandani. Kila nikiikumbuka ile dawa ya mama nasikia uchungu, kwa sababu watu walifanya yote ambayo watu wanaweza kufanya.

Jingine ni barua. Nyumbani barua ya mwisho kupokea ilikuwa ya kuitwa shule. Huku kila kitu ni barua: bima, benki, kodi ya nyumba, ofisi ya wageni. Ndani ya wiki 2 za kuhamia lazima akajiandikishe anwani, akiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Kwetu mjumbe wa nyumba kumi anakujua hata kabla hujashusha begi, na ukitaka barua ya mtendaji wa mtaa unaulizwa tu wewe ni wa kwa nani. Hapa bila ile karatasi ya anwani mambo mengi yanakwama. Kuna pia ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mimi barua zake niliziweka chini ya godoro nikidhani ni matangazo. Zikaja na faini. Barua huku ndiyo hodi yenyewe, na mtu asiyeifungua ni kama yumo ndani na amekataa kuitika. Mdogo wako afungue kila bahasha siku ileile, hata kama Kijerumani chake bado ni cha kuungaunga, na asiyoielewa ampelekee mtu.

Sasa fedha, maana najua familia inahangaika nayo. Mwanafunzi anayejilipia anatakiwa aonyeshe fedha ya mwaka mzima kwenye akaunti maalumu inayofungwa, halafu benki inamwachia kidogo kidogo kila mwezi. Wakati wangu, 2023, ilikuwa euro 11,208. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Vyuo vya serikali hapa Berlin kwa kawaida havitozi ada ya masomo, kuna mchango wa muhula tu.

Fedha yangu ilitoka Mtama, mkoani kwetu Lindi. Sisi ni Wamwera, na kwetu mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mjomba alipeleka korosho za msimu mzima ghala la chama cha msingi, akasubiri mnada, akasubiri malipo. Hazikutosha. Mama akaita kikao. Kikoba chake kikatoa, shangazi wakatoa, wazee wa msikitini wakatoa, na jirani yetu muuza samaki akaleta shilingi 20,000 zimefungwa kwenye pindo la kanga. Daftari la michango lilikuwa na majina 34, ninalo hadi leo. Fomu ya benki ilikuwa na mstari mmoja wa kuandika fedha imetoka kwa nani. Nilikaa na ile kalamu muda mrefu. Nikaandika jina la mjomba.

Nayasema haya kwa sababu majina kama hayo 34 yatamfuata mdogo wako. Atapata kibarua. Sheria sasa inamruhusu mwanafunzi wa kigeni siku 140 kamili kwa mwaka au 280 za nusu siku, na kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Mimi naosha vyombo mgahawani. Nyumbani wakisikia hesabu hiyo wanaona utajiri, hawaoni chumba kinachomeza zaidi ya theluthi ya pesa ya mwezi, bima na nauli. Mwaka wa kwanza nilituma hadi nikala mkate na siagi wiki 2, na nikafeli somo. Dada, nakuomba wewe ndiye umlinde. Waambie ndugu mapema kwamba huyu kaenda kusoma, asubiriwe. Akisema mwenyewe ataonekana kabadilika.

Na hapa dukani korosho zipo, pakiti ya gramu 200, bei yake inanikata maini kila nikiishika. Mgongoni mara nyingi imeandikwa Vietnam. Korosho ghafi zetu nyingi husafirishwa India na Vietnam, zikabanguliwe huko. Mjomba hajawahi kuona pakiti hiyo. Nilimpigia picha moja, akauliza tu, "Na hawa wanaobangua, wanalipwa?" Sikuwa na jibu.

Kitu kimoja sitakuficha. Kuna siku kwenye treni iliyojaa kiti cha pembeni yangu hubaki kitupu. Kuna nyumba nilizoomba kwa simu zikawa wazi, nikifika zimepata mtu. Si kila siku na si kila mtu, na wapo waliosimama upande wangu hadharani kwa sauti kali kuliko yangu. Lakini inachosha, na mtu anayechoka peke yake huanza kujishuku. Awe na wa kumwambia.

Mimi nilimpata wa kumwambia mwezi wa Ramadhani. Nilizoea futari ya Lindi, muhogo wa nazi, tambi, uji wa pilipili manga, na mlango wazi kwa yeyote anayepita wakati wa adhana. Ramadhani ya kwanza hapa nilifuturu na tende nikitazama ukuta. Siku ya 9 nikaenda msikiti wa Waturuki mtaa wa Columbiadamm. Mama mmoja ambaye hatukuelewana hata neno moja alinishika mkono, akanikalisha, akanijazia sahani. Nilipoimaliza akaijaza tena bila kuniuliza. Nikajiona niko Mtanda. Kwa hiyo kama mdogo wako ni mtu wa msikiti au wa kanisa, asingoje upweke umfikishe huko, aende wiki ya kwanza.

Baridi yenyewe inavumilika, ni suala la koti. Giza ndilo linalovunja. Desemba jua linatoka saa 2 na robo asubuhi na linazama kabla ya saa 10 jioni. Juni linakawia hadi saa 3 na nusu usiku, na hapo Wajerumani wenyewe hugeuka watu wengine: wanajaa kwenye nyasi, wanacheka, wanasalimia. Ukifika Oktoba ukawahukumu, utawahukumu vibaya.

Swali lako la pili ndilo limenifanya nijibu. Hapa Berlin, mtaa wa Invalidenstrasse, kuna jumba la makumbusho ya viumbe na miamba. Ukiingia tu unakutana na mifupa ya mjusi wetu mkubwa wa kale, yaani dinosaria, wa kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, kimo mita 13.27, shingo inakaribia paa. Lindi tulisikia habari zake tangu watoto. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya watu wa kwetu waliichimba ile mifupa na kuibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kama 4, hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Nilisimama pale, watoto wa shule wakikimbia pembeni, nikashindwa kuondoka. Mifupa ya miaka milioni 150, imepita bandari ambayo mimi nilijifunzia kuogelea, na hakuna aliyewauliza wenye ardhi. Mlinzi akanisogelea kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia kwa Kijerumani changu, mimi ninatoka huko huko ilikotoka hii. Akavua kofia. Hakusema kitu.

Tena kuna mtaa, kitongoji cha Wedding, ambao kwa muda mrefu jina lake lilihusishwa na Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani. Agosti 2024 kipande chake kimoja kikapewa jina Maji-Maji-Allee. Vita vile vilianzia Nandete, Kilwa, mkoani kwetu, Julai 1905. Nilikwenda peke yangu kusoma kibao, nikampigia mama kwa video nikamwonyesha. Mama akaniambia nisogeze simu karibu, akasoma kwa sauti, herufi moja moja.

Kwa hiyo kama atarudi yule yule? Hapana, dada, na mimi sirudi yule yule. Likizo iliyopita nilikwenda kwa shangazi nikampigia simu kwanza kuuliza kama nije. Alikasirika, akasema tangu lini mtoto wangu anaomba ruhusa ya kuingia kwangu. Nilijifunza upya. Lakini lipo pia nililolirudisha nyumbani na sitaki kuliacha: mdogo wangu wa kike akifunga mlango anasoma, sasa namzuia mama asimwite kila dakika kwenda dukani. Mama ananiona nimekuwa Mzungu. Mtihani wake wa kidato cha nne mtoto alifaulu.

Apige simu nyumbani saa 12 jioni za Tanzania. Kipindi cha baridi tofauti ni saa 2, kiangazi ni saa 1. Abebe kanga moja ya mama, hata kama ni mwanaume, na ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, asijaribu, haifiki salama. Muhogo ataupata Wedding kwenye maduka ya Waafrika.

Na asifike Jumamosi jioni. Mimi nilifika Jumamosi usiku, Jumapili nikakuta maduka yote yamefungwa, ndiyo sheria yao, nikashinda na biskuti za kwenye ndege. Kama tiketi imeshakatwa na inaangukia siku hiyo, usisubiri anitafute yeye. Niandikie wewe namba ya ndege. Nitakuwa uwanjani, na wali na mbaazi vitakuwa vimeshaiva.