Ulipenda farasi ukiwa msichana? Rudi, ila rudi kwa akili

Wanawake wa rika langu wakinikuta na buti zenye tope huniuliza swali lile lile: "Dada, kwa umri huu si nimeshachelewa?" Wengi walipanda farasi wakiwa wasichana, kisha masomo, ndoa, watoto na kazi vikawateremsha. Miaka ishirini imepita, wengine thelathini, na mpaka leo wakiona farasi malishoni wanapunguza mwendo wa gari.

Hujachelewa. Lorna Johnstone wa Uingereza alishindana katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akiwa na miaka 70. Isabell Werth wa Ujerumani alipata medali zake za kwanza za Olimpiki Barcelona mwaka 1992, na mwaka 2024 kule Paris alivishwa nyingine. Wote wawili walishindana na wanaume, maana huu ni mmoja wa michezo michache ya Olimpiki usiotenga wanawake na wanaume. Nguvu za mikono hazina la kuamua. Mnyama wa kilo 500 akikataa kwenda, hata mwanamume mwenye kifua kipana hamvuti.

Ninayempenda kuliko wote ni Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, alipata polio. Alirudi kwenye tandiko huku miguu yake kuanzia magotini kushuka haimtii. Wanawake waliporuhusiwa kushiriki dresaji ya Olimpiki (mchezo wa kumwongoza farasi afanye miondoko iliyopangwa) mwaka 1952, alikwenda Helsinki akatwaa medali ya fedha, na ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Kuruka viunzi wanawake waliruhusiwa mwaka 1956, na yale mashindano ya siku kadhaa yanayochanganya dresaji, mbio za mashambani na kuruka, mwaka 1964. Simtaji Hartel ili uone haya kwa uvivu wako. Namtaja kwa sababu alimwongoza farasi kwa uzito wa mwili, makalio na mgongo, na hicho ndicho anachopaswa kukitafuta anayerudi. Mwanamke aliyekaa miaka mingi bila kupanda hubana kwa magoti na kuning'inia kwenye hatamu. Farasi anasikia goti linambana linamwambia nenda, na mdomoni hatamu inamwambia simama. Kisha tunamwita mkaidi!

Tuseme kuhusu mwili, bila kuoneana haya. Kichwa kinakumbuka kila kitu, nyonga zimesahau. Kabla hujagusa tandiko, jizoeze nyumbani kusimama kwa mguu mmoja, kunyoosha nyonga na kuinuka kitini bila kushika kitu. Ukifika bandani, panda kwa kutumia kipandio, kile kijingazi cha kusimamia, hata kama unaweza kuruka kutoka chini. Ukipandia chini unalivuta tandiko upande na kuuchosha mgongo wa farasi, kwa hiyo kipandio ni heshima kwake pia. Vaa buti zenye kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku, ile pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko, ukaburuzwa. Kofia ngumu iliyowahi kuanguka na wewe ibadilishe, hata kama huoni ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea limemaliza kazi yake.

Kuna mambo mawili ambayo hayasemwi mbele ya wanaume, basi nitayasema mimi. La kwanza: farasi akienda mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, baada ya wewe kuzaa au baada ya kukoma hedhi, mkojo unaweza kukutoroka. Ni jambo la kawaida na lina mazoezi yake, yale ya kukaza na kulegeza misuli inayoshika kibofu. Mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, usikae nyumbani kwa aibu. La pili: ukiumia sehemu za mbele kila unapopanda, lichunguze tandiko kabla ya kujilaumu. Matandiko mengi yalichongwa kwa kufuata nyonga za mwanamume, na nyonga zetu zimekaa vingine. Jaribu jingine, kisha jingine. Na kama umeshakoma hedhi, muulize daktari kuhusu mifupa, kwa kuwa katika miaka hiyo mifupa hupungua uimara na kuanguka hakuwi kule kwa utotoni.

Sasa hofu. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo wanapopewa ushauri mbovu kuliko kote. Wanaambiwa wajikaze. Msichana wa miaka kumi na miwili haogopi kwa sababu hana mkopo wa nyumba wala mtoto wa kumchukua shuleni. Wewe unaogopa kwa sababu akili yako inafanya hesabu, na hesabu yenyewe ni sahihi. Usiifukuze, ila usiiache ishike hatamu.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kazi yake tangu kuumbwa ni kusoma nani kaona hatari. Ukizuia pumzi, anajua, kwa kuwa mapaja yako yamekaza na makalio yameinuka. Anachoelewa ni kwamba aliye juu yake kaona kitu.

Dawa yangu ni kuimba. Sina sauti nzuri, na bandani wameshazoea kunicheka, lakini mtu hawezi kuimba huku amezuia pumzi. Farasi jike ninayempanda ana rangi ya majivu, na ana ugomvi wa kudumu na turubai lililofunika marobota ya nyasi. Upepo ukilipiga, shingo yake inapanda, misuli ya mabegani inakuwa migumu kama ubao na puani anatoa mkoromo mfupi. Simpigi mateke wala simvuti. Naimba kwa sauti ya chini, nalegeza vifundo vya miguu, natazama mbali kupita lile turubai. Mstari wa kwanza hasikii. Kwenye wa pili au wa tatu sikio moja, la kushoto mara nyingi, linageuka nyuma kunitafuta. Likishageuka tumeshapona: shingo inashuka, anapumua kwa nguvu na kulamba midomo, tunapita. Siku nyingine sikio halirudi. Siku hiyo nashuka, nampitisha kwa miguu, na sioni nimepungukiwa chochote.

Ndiyo maana nasisitiza utafute mwalimu ambaye ukimwambia "leo naishia mwendo wa hatua tu" atajibu sawa. Anayekuita mwoga mbele ya watu, mlipe ada yake na usirudi. Namna ya kumpima ni rahisi: tazama jinsi anavyozungumza na farasi wake akidhani hakuna anayemwona.

Kuhusu farasi wa kuanzia, najua unayemtaka. Mweusi, shingo imepinda, macho yanawaka. Huyo mwache. Tafuta mzee mwenye busara, wa miaka kati ya kumi na miwili na kumi na minane, aliyeshaona trekta, mbwa, mvua na watoto wapiga kelele. Kisha jipime uzito bila kujidanganya. Wengi wetu tunafuata kipimo kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 100 kwa farasi wa kilo 500. Ukizidi, omba farasi mkubwa zaidi. Hakuna fedheha hapo, mgongo ni wake.

Wala usikimbilie kununua. Bei ya kumnunua ndiyo ndogo. Kila siku anahitaji kilo nane hadi kumi za nyasi kavu na maji lita 20 hadi 40 au zaidi kukiwa na joto. Kila baada ya wiki sita hadi nane kwato zichongwe, na angalau mara moja kwa mwaka meno yakaguliwe. Zaidi ya hapo farasi hawezi kutapika, hivyo tumbo likimsokota si jambo la kungoja asubuhi. Ukimwona anaparua chini, anatazama ubavu wake au anagaagaa bila kutulia, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Kwa mwanamke mwenye kazi na familia, kugawana farasi na mwenye naye ni busara zaidi: unachangia gharama, una siku zako, na ukiuguliwa na mtoto farasi halali njaa.

Kuna vipindi hutapanda kabisa: mimba, kunyonyesha, upasuaji, kumuuguza mzazi. Nenda bandani hivyo hivyo. Piga brashi, safisha kwato, mtembeze kwa kamba. Anayekwambia hiyo si kazi ya mpandaji hajawahi kukaa na farasi kutwa nzima.

La mwisho linawahusu wenzangu waliovuka hamsini na bado wana hamu ya kuwa na farasi wao wenyewe. Farasi anaishi miaka 25 hadi 30. Ukimnunua wa miaka mitano leo ukiwa na 55, fanya hesabu: anaweza kukukuta una 75 au 80. Nani atamchukua? Watoto wako wanaosema "mama na farasi wake" hawatamchukua. Mimi tumekubaliana na binti mmoja ninayegawana naye yule wa rangi ya majivu, tukaandika, tukatia saini, na nakala imebandikwa ndani ya mlango wa stoo ya chakula pamoja na namba ya daktari. Aliniuliza kwa nini nahangaika na karatasi ilhali bado nina nguvu. Nikamfunua yule jike mdomo, nikamwonyesha meno, nikamwambia huyu ana miaka kumi na mmoja tu, haya sasa piga hesabu yako na yangu.