Ukimwona kipanga, usianze na rangi

Hapa Entebbe kila ndege mwenye mdomo wa ndoana ni mwewe, basi. Kwa Kiganda ni kamunye, jina lilelile walilozipachika teksi za abiria kwa jinsi zinavyomnyakua mtu kando ya barabara. Mimi hutembeza watazamaji wa ndege, na katika nchi yenye aina zaidi ya 1,000 za ndege, hakuna wanaonitoa jasho kama vipanga wadogo.

Kosa lililonifunza nililifanya katika Bustani ya Mimea, mbele ya mama mmoja mgeni kutoka Mombasa. Shore walikuwa wanapiga kelele mtini. (Zifuate kelele hizo: shore humwona kipanga kabla yako.) Tukamkuta ametulia kwenye tawi la chini, kifua cheupe, mstari wa giza katikati ya koo. Kwangu mimi mstari ule ulikuwa kama muhuri. "Kipanga-mijusi," nikatamka, kwa sauti ya mtu anayelipwa.

Mama hakushusha darubini. "Mwanangu, koo nimeliona. Na mkia je?"

Mkia ulikuwa wa kahawia, una milia kadhaa. Kifua nacho, nilipokitazama kwa makini, kilijaa madoa yaliyochuruzika kama matone ya chai ya rangi kwenye shati jeupe. Alikuwa kipanga wa Afrika ambaye hajakomaa. Wachanga wake wana mstari kooni, na shikra mchanga, kipanga mwingine mdogo, pia anao, mwembamba. Kipanga-mijusi mzima mstari wake ni mnene, kama umechorwa kwa mkaa, na mkia wake ni mweusi wenye ukanda mmoja mpana mweupe, mara chache miwili. Tena mwenyewe hajifichi. Hukaa wazi juu ya waya au tawi kavu, macho yako chini kwenye nyasi, anangoja mjusi au panzi.

Tangu siku hiyo rangi ya mgongo naiacha mwisho. Shikra, Gabar, kipanga-mijusi na yule ambaye jina lake hasa ni kipanga mdogo, wote wakishakomaa wana mgongo wa kijivu na milia tumboni, kwa hiyo ukiniambia "ni wa kijivu" hujaniambia kitu. Nitazamie koo, kisha kiuno, pale mkia unapoanzia, kisha mkia wenyewe.

Kiuno hukionyesha anaporuka, na ni sekunde mbili tu, kwa hiyo darubini iwe machoni kabla hajaondoka. Ukiona weupe mkubwa hapo, shikra mtoe. Amebaki Gabar au kipanga-mijusi, na hao wawili koo litawatenganisha: la Gabar ni la kijivu kavu mpaka kifuani, halina mstari. Mtafute zaidi kwenye nyika ya miti ya miiba, kama Ziwa Mburo. Yuko pia Gabar mweusi tii asiye na weupe wowote kiunoni. Huyo alinipotezea asubuhi nzima, sitaki kumzungumzia.

Kipanga mdogo ana alama ninayoipenda kuliko zote: madoa mawili meupe juu ya mkia, kama macho yanayokutazama akikimbia. Shikra mzima, ukimwona kwa nyuma, mkia wake katikati ni kijivu kitupu. Macho yake ni mekundu, miguu ya njano, na milia ya kifuani ni myembamba yenye wekundu wa udongo. Macho lakini yaamini kwa ndege mzima tu, maana ya wachanga hubadilika wakikua.

Ukubwa usiutegemee hata kidogo. Kwa vipanga jike humzidi dume, kwa hiyo jike wa aina ndogo anaweza kukaribiana na dume wa aina kubwa. Na ukiwa peke yako na ndege juu ya mti mtupu, utampima kwa nini?

Kozi kijivu, yule wa kijivu mwili mzima mwenye njano kuzunguka jicho, hachanganyi sana ukishamjua: hupenda vilele vya nguzo, na mara nyingi hutaga kwenye viota vya fundichuma. Kekeo naye, ambaye si kipanga, huwadanganya wengi kwa ile milia ya tumboni. Tazama mdomo: hauna ndoana.

Alfajiri weka darubini chini, sikiliza. Kipanga wa Afrika huzunguka juu ya miti akitoa "kwit" moja, kimya cha sekunde chache, "kwit" nyingine. Nimewahi kumwandika daftarini nikiwa bado nanywa chai.

Yule mama siku hizi hunitumia picha kwa WhatsApp, ndege kapigwa kwa nyuma, na neno moja: "Huyu?" Ya wiki jana haikuonyesha koo wala jicho, ila mkia ulikuwa kijivu kitupu. Nikamjibu shikra. Ameisoma, hajasema kitu.