Usimfungie paka stoo na panya buku

Mkuu, acha. Usimfungie. Umesema paka wako kamkimbia panya buku aliyemgeukia, sasa unataka kumnyima chakula na kumtia stoo na huyo panya mpaka akomae, na unauliza kama jike angefaa kuliko dume. Kwanza paka asiingie hiyo stoo.

Hapa Manzese jamaa aliyeniuzia paka alinishauri hivyohivyo, tena kwa kujiamini: njaa itamfundisha. Asubuhi nafungua mlango, panya kashapita tundu la bomba, paka yuko juu ya magunia ya mchele, shavu lina matundu mawili. Nikaona ni vidonda vidogo. Kumbe jino la panya linachoma ndani, ngozi ya juu inajifunga haraka na uchafu unabaki. Shavu likawa jipu, akagoma kula, daktari wa mifugo ikabidi ampige nusu kaputi, alipasue na kulisafisha. Jicho la upande ule halijarudi sawa mpaka leo. Nilipomfuata yule muuzaji, akasema paka wangu mzembe. Mzembe! Paka aliyekuwa akishusha panya darini kila mara! Mtu anauza paka na hajawahi kumtazama akiwinda.

Paka ni mviziaji. Anataka mnyama ampe mgongo, akimbie, amrukie amng'ate kisogoni. Kipanya cha ndani kina gramu 20 hivi; buku wa mitaroni anaweza kufika 500, na akikosa pa kutokea anasimama kwa miguu ya nyuma, anapiga kelele, anarukia uso. Ndiyo maana paka analaza masikio, anarudi kinyumenyume, au anakaa kujilamba kama vile hajaona kitu. Anapima hasara. Hata kuku mwenye vifaranga humtimua. Watafiti waliofunga kamera kwenye kituo cha taka Brooklyn, New York, walitoa matokeo 2018: siku 79, paka wameua panya wawili tu.

Paka akikutana na panya mkubwa, lazima awe na njia ya kutokea. Kanuni hiyo usiivunje. Buku ni wa mtego wa chuma, matundu yazibwe kwa wavu na saruji, mchele ukae kwenye mapipa yenye mfuniko. Na vaa glavu ukisafisha mikojo yao. Homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria ulioua watu Lindi 2022, huambukizwa kwa kugusa mikojo kama hiyo.

Kama ulishamfungia, kamfungulie sasa hivi. Mpapase mashavu, shingo na miguu ya mbele. Ukikuta uvimbe au joto, kesho asubuhi mpeleke kwa daktari.