Kuhama kutoka hausi hadi singeli bila ukumbi kupoa

Mwanza watu hawakai kwenye muziki uliopoa. Huku ndiko kwa mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma: pande mbili zinapiga kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ukiwa DJ unayepiga harusi Nyegezi au baa Kirumba, umati ni uleule, na usiku mmoja utaombwa hausi, amapiano na singeli. Ukiziunganisha kwa kuzima moja na kuwasha nyingine, watu wanarudi kwenye viti. Jifunze kwanza undugu wa mitindo hii, maana humo ndimo spidi zinamokutana.

Hausi ilianzia Chicago, kwenye klabu ya Warehouse alikopiga Frankie Knuckles kuanzia 1977; hata jina limetoka hapo. Ni disko iliyovuliwa mapambo: kiki, yaani ile ngoma nzito ya chini, inagonga kila pigo, mapigo 118 hadi 128 kwa dakika. Miaka ya 1990 Afrika Kusini wakaipunguza mwendo, ikazaliwa kwaito. Miaka ya 2010 ikaja amapiano, mapigo 110 hadi 115 hivi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kiki mara nyingi ni haba au haipo kabisa. Anayeshika mwendo ni kayamba, na uzito wote umehamia kwenye logidramu, ile besi inayodunda huku ikiteleza.

Kwa hiyo ukitoka hausi kwenda amapiano, linganisha kwa kayamba, usisubiri kiki. Kushuka kutoka 124 hadi 113 ni karibu asilimia 9. Ukishuka kwa mkupuo, sauti ya mwimbaji inalegea na wachezaji wanahisi kama umeme umepungua. Pitisha katikati hausi tulivu mbili tatu za 118 hadi 120. Hesabu mapigo 32, kisha punguza besi ya ngoma inayotoka kabla logidramu haijaingia. Besi mbili zikikutana, spika zinavuma tu, na ukumbi wa kuta tupu na bati unaongeza balaa.

Singeli ni mtoto wa uswahilini Dar es Salaam, damu ya mchiriku na taarabu iliyokimbizwa, mapigo 200 na kuendelea. Inaonekana iko mbali na amapiano, kumbe 112 mara mbili ni 224! Tafuta singeli ya 220 hadi 228 uisogeze spidi kidogo. Programu yako ya kuchanganyia muziki ikiisoma 224, igawe kwa mbili ili ilingane na 112. Ikikuletea namba ya ajabu kama 149, imekosea. Piga makofi kwa mwendo wa polepole ukifuata muziki kwa sekunde 15, yakifika 28 uko kwenye 112.

Sasa subiri sehemu ya amapiano ambapo logidramu imenyamaza, imebaki kinanda na kayamba. Ingiza singeli ikiwa imekatwa besi na sauti za kati, zimebaki sauti za juu peke yake, kwa mapigo 16. Acha mapigo mengine 16 yapite, ndipo ubadilishane besi kwa mara moja. Msanii wa singeli asianze kughani wakati mwimbaji wa amapiano bado anaimba. Maneno yatagongana na hutasikia hata moja.

Dakika 15 hadi 20 za singeli zinatosha, miguu inachoka kweli. Rudi kwa mlango uleule: 224 kwenda 112, kayamba ikitangulia.